Fundo la Kumi na Moja

Kisu cha shangazi kilikuwa kimeshagusa ukili pale Mwanasha alipoweka kiganja chake juu ya makali.

"Hazijakutana," alisema.

"Toa mkono."

"Hazijakutana, shangazi. Ukikata hapa umemkata mama."

Shangazi hakukivuta kisu wala hakukisukuma. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kutwanga peke yake, na alimtazama mtoto wa kaka yake kama mtu anavyolitazama wingu lisilo na uamuzi.

"Mama yako amekwisha kufa, Mwanasha. Mimi ndiye niliyemwosha. Huu ni ukindu tu."

Ukili, utepe wa ukindu wa kushonea mkeka, ulikuwa umelala kati yao juu ya jamvi, umejiviringa kama chatu aliyeshiba, mpana kiganja kizima na kidole gumba juu yake. Katika weupe wa majani yake zilipita rangi tatu: nyekundu ya dukani, kijani ya dukani, na nyeusi ya tope la Mto Miyombo, ile ipatikanayo kwa kuyazika majani ufukoni mpaka yaanze kunuka. Kila rangi ilikuja kwa zamu yake, na hakuna iliyomsubiri mwenzake.

Wasukaji wa upande ule wa Masanze hawakuwa wakikata ukili popote walipochoka. Msukaji alipoanza, aliingiza rangi zake zote pamoja katika hatua ya kwanza, yaani pale jani linapokunjwa ukingoni kurudi ndani. Kisha kila rangi ilishika mwendo wake. Siku ambayo rangi zote zingerudi kuingia katika hatua moja, kama zilivyoanza, ndipo zilipohesabiwa kuwa zimefika nyumbani, na kisu kikaruhusiwa. Kwa hiyo wanawake wenye haraka zao walichagua miendo inayojuana. Nyekundu kila hatua ya nne, nyeusi kila hatua ya sita: hatua kumi na mbili tu, nyumbani. Ukitaka ukate asubuhi, ukitaka ukate jioni.

Mama yake Mwanasha alichagua saba kwa nyekundu, kumi na moja kwa nyeusi, kumi na tatu kwa kijani.

Alianza ukili ule mwaka wake wa mwisho duniani, wakati akili yake, kwa maneno ya majirani, ilikuwa imeanza kuvuja. Alitia chumvi kwenye chai. Aliwaita watu kwa majina ya baba zao marehemu, na wengine waliitika kwa huruma. Lakini alisuka. Alisuka akinong'ona, na walipomuuliza rangi hizi zitakutana lini, alijibu bila kuinua macho, "Zitakutana. Msizisukume." Watu wakatazamana. Hata matangani, chini ya vilio, Mwanasha alimsikia mtu akimwambia mwenzake: maskini Binti Shomari, amekufa akisuka kitu kisicho na mwisho.

Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa kambale. Angeyameza vipi? Mama alikuwa ameanza mkeka wa kumlaza bintiye atakapokuwa na nyumba yake mwenyewe. Kama rangi zilikuwa na mahali pa kukutana, basi mikono ile ilijua ilichokuwa ikifanya mpaka ilipopoa. Kama hazikuwa napo, majirani walisema kweli, na mwanamke aliyemzaa alikuwa ameondoka kabla ya kuondoka.

"Hodi wenyewe," ilisema sauti nje.

Alikuwa Mzee Onesphory, balozi wa nyumba kumi, kofia yake imelegea na kuinamia sikio moja. Aliona kisu, akaona mkono, akabaki mlangoni.

"Shikamoo, mzee," alisema Mwanasha, mkono ukiwa palepale.

"Marahaba, binti. Naona bado mnajenga reli." Ukili ule yeye aliuita reli ya Mikumi. "Ile ya serikali ilitoka Kilosa na ikafika. Hii yenu haina stesheni."

Shangazi alitaka kucheka, akajizuia. "Balozi, sema kilichokuleta."

"Lori la kutuhamishia kijiji kipya. Ni Jumamosi asubuhi, limeshathibitishwa. Nyumba zote kumi. Ijumaa tunafumua mapaa, maana miti ya paa nayo inahama. Viwanja vimeshapigwa vigingi kule barabarani, njia ya Mikumi. Vimenyooka hasa. Mtu ataweza kumwona jirani yake anakula nini."

"Na ukindu upo huko?" aliuliza Mwanasha.

"Huko kuna vumbi, kuna shule, na tumeahidiwa bomba. Ukindu sijauona."

Balozi alipoondoka, shangazi alikirudisha kisu kiunoni, ndani ya fundo la kanga. Hakuwa ameshindwa. Alikuwa anapanga maneno.

"Umesikia. Na unajua mwiko. Ukili usiokatwa haupandi chombo, wala hauvuki mto. Ukiuhamisha, umehamisha msiba. Sasa niambie: rangi zako zitakutana siku gani?"

Mwanasha aliupapasa ukili kwa kiganja kilekile.

"Leo Jumatatu. Nakupa mpaka kesho jua likitoka. Utaje siku, nami nitakaa kimya. Ukishindwa, nakata, tunashona kilichopo, tunalala."

*

Kisomo cha watu wazima kilikuwa saa kumi, katika ghala la pamba. Pamba yenyewe ilikuwa imeondoka, ikaacha harufu yake na mbegu chache zilizochoma makalio ya waliokaa chini. Ubao ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa masizi, na kwa kuwa chaki zilikwisha tangu mwezi uliopita, Mwalimu Gabrieli aliandika kwa muhogo mkavu.

Alikuwa kijana wa milimani, Mkaguru aliyelelewa misheni, ambaye alitamka kila herufi kama mtu anayehesabu mayai. Siku ile aliwaona wanafunzi wake wakisinzia. Nusu yao walikuwa wametoka kufungasha vyombo. Akafuta ubao kwa mkono wa shati.

"Leo mchezo," alisema. "Nipeni namba ya tarakimu tatu. Yoyote."

"Mia mbili sabini na nne," alisema Mzee Onesphory kutoka nyuma.

"Kwa nini hiyo, mzee?"

"Ndiyo ya kadi yangu ya chama. Sijui nyingine."

Gabrieli akaandika 274. Kisha, bila kuacha nafasi, akaiandika tena ubavuni mwake: 274274.

"Isomeni."

Ilichukua muda, wengine wakianzia kulia, wengine kushoto, mpaka sauti zikaungana: mia mbili sabini na nne elfu, mia mbili sabini na nne.

"Hao ni watu wa mkoa mzima," alisema balozi. "Kadi hazitoshi."

"Namba kubwa hivi, nani anajua inagawanyika kwa ngapi? Mimi najua kabla sijaigusa. Nikiigawanya kwa saba, hakuna kitakachobaki. Jibu nitakalopata, nikiligawanya kwa kumi na moja, hakuna kitakachobaki. Na jibu la hapo, kwa kumi na tatu."

Mwanasha alikuwa akichomoa mbegu ya pamba kwenye kanga yake. Vidole vikasimama.

Gabrieli alianza kugawanya. Muhogo ulilia juu ya ubao, unga ukamwagika miguuni pake. Kwa saba: thelathini na tisa elfu, mia moja themanini na mbili, hakuna kilichobaki. Kwa kumi na moja: elfu tatu mia tano sitini na mbili, hakuna kilichobaki. Kwa kumi na tatu, na hapo hata waliokuwa wakisinzia walishainua shingo: mia mbili sabini na nne.

"Umenirudishia kadi yangu," alisema balozi, na ghala likacheka.

Wakataka nyingine. Mama mmoja akatoa mia tano na nane, ikaandikwa mara mbili, ikapita kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, ikarudi mia tano na nane, nzima, kama mtoto aliyetumwa dukani.

"Mwalimu." Mwanasha alikuwa amesimama bila kujua. "Kwa nini hizo tatu? Kwa nini siyo nne na sita?"

Gabrieli alimtazama. Katika miezi yote ya kisomo Mwanasha hakuwahi kuuliza kitu.

"Kuandika namba ya tarakimu tatu mara mbili ni kuizidisha kwa elfu, halafu ukaongeza yenyewe mara moja tena. Yaani umeizidisha kwa elfu moja na moja. Na elfu moja na moja," akaandika polepole, "ni saba mara kumi na moja mara kumi na tatu. Hiyo ndiyo mifupa yake. Haina mingine. Hizo tatu zenyewe huwezi kuzivunja tena, hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Vitabuni tunaziita namba tasa."

Mwanasha alilijua neno hilo. Kabla hajazaliwa yeye, mama yake alikuwa ameitwa hivyo kisimani kwa miaka mingi.

"Nani aliyezipa jina hilo?"

"Waliotunga vitabu."

"Wangeuliza kwanza. Tasa gani aliyezaa elfu moja na moja?"

Wanawake wakapiga makofi na kuangua vicheko, na mwalimu mwenyewe akacheka mpaka muhogo ukamponyoka. Lakini Mwanasha hakuwa anacheka. Alisubiri wengine watoke, akasogea ubaoni.

"Mwalimu, kama kitu kimoja kinakuja kila hatua ya saba, kingine kila ya kumi na moja, kingine kila ya kumi na tatu, na vilianza pamoja?"

"Vitakutana tena hatua ya elfu moja na moja."

"Siyo kabla?"

"Siyo kabla. Viwili viwili vitapishana vikisalimiana njiani. Vyote vitatu, siyo kabla."

"Na ile ya saba na ile ya kumi na tatu, zikisalimiana?"

Gabrieli akaandika 91. "Kila hatua ya tisini na moja."

"Mama alifunga fundo la uzi ukingoni kila nyekundu na kijani zilipoingia pamoja. Na mimi nimefunga kwa kumwiga. Sikujua ni ya nini."

Gabrieli hakuuliza mama gani, wala uzi gani. Kijiji kizima kiliijua reli ya Mikumi. Chini ya 91 akaandika 11, akazidisha, na jibu likatoka lilelile.

"Fundo la kumi na moja," alisema.

"Mama hakusoma."

"Mimi nimesoma," alisema Gabrieli, akipangusa unga kwenye kaptula yake, "na mkeka siwezi kusuka."

*

Alitandaza ukili uani, mkunjo baada ya mkunjo, jua likiwa bado juu ya minazi michache ya ng'ambo. Alipiga magoti, akaufuata kwa mikono kuanzia mwanzo. Fundo la kwanza. La pili. La sita lilikuwa la mwisho la mama, limekazwa kwa uzi wa kanga iliyokwisha. Baada ya hapo uzi ulikuwa wake mwenyewe: fundo la saba, fundo la nane, na kipande juu yake.

Toka fundo hadi fundo ilikuwa karibu pima moja, mikono miwili ikinyooshwa. Pima kumi na moja za ukili mpana namna ile, ukizizungusha na kuzishona, zinatoka mkeka wa kulala mtu mzima na kujigeuza. Siyo zaidi, siyo pungufu. Mwanasha alikaa kitako kwenye vumbi. Kwa hiyo mama hakuchagua namba tu. Alichagua mahali pa kufika.

"Shangazi," aliita. "Fundo la kumi na moja. Yamebaki mawili na kitu. Kabla ya Jumamosi."

Shangazi alitoka na kapu kichwani, akalitua. "Nani kakwambia?"

"Mwalimu. Na mama."

Shangazi alikohoa tu. Lakini hakukigusa kisu.

Ingefaa Mwanasha aishie hapo. Ila furaha ilimfanya arudi kuupapasa ukili tena, kama mtu anavyohesabu mara ya pili vidole vya mtoto mchanga. Safari hii alitafuta nyeusi. Katika fundo la kwanza nyeusi ilikuwa imepita hatua tatu nyuma yake. Katika la pili, hatua sita. La tatu, tisa. La nne ilikuwa hatua moja tu nyuma, maana nyingine ilikuwa imeshaingia. La tano, nne. La sita, saba. Kila fundo, tatu zaidi. Ikifika kumi na moja, inaanza upya. Ule ulikuwa mwendo wa mama, na ulikuwa safi kama mapigo ya kinu.

La saba lilipaswa kuwa kumi.

Lilikuwa tisa.

Alihesabu tena. Tisa. La nane lilipaswa kuwa mbili, lilikuwa moja. Vidole vyake vikarudi nyuma peke yao, vikijua viendako, mpaka mahali ambapo mkono wa mama uliishia na wake ukaanza.

Pale palikuwa na hatua nyeupe. Msukaji akifa na kazi mkononi, anayeipokea husuka hatua moja isiyo na rangi yoyote, hata ikiwa zamu ya rangi, nayo huitwa hatua ya marehemu. Mwanasha aliisuka siku ya tatu baada ya mazishi, macho yamevimba. Siku ile, hatua ile, ilikuwa zamu ya nyeusi. Aliona haya kuinyima rangi zamu yake, kwa hiyo alisuka nyeupe, kisha akaiingiza nyeusi katika hatua iliyofuata, na kutoka hapo akaanza kuhesabu upya. Kijani na nyekundu ziliendelea na mwendo wao. Nyeusi ikachelewa hatua moja. Na ilikuwa inachelewa hatua moja tangu siku hiyo.

Fundo la kumi na moja lingefika, nyekundu na kijani zingeingia nyumbani, na nyeusi ingesimama nje ya mlango.

Alijaribu kuhesabu mbele, tatu, tatu, akikunja vidole. Kwa mwendo ule mbovu, zote tatu zingekutana fundo la kumi na tano. Mtu akiacha kila kazi, anasuka fundo moja kwa siku. Lori lingekuwa limekwenda, limerudi, na limekwenda tena.

Alilala palepale ubavuni mwa ukili. Alipoamka, jogoo wa jirani walikuwa wameshaanza, na mkononi alikuwa na msumari aliokuwa akiutumia mama kufumulia.

Shangazi alimkuta amevuta fundo la nane, majani yamemlalia mapajani kama manyoya.

"Mwanasha. Unafanya nini?"

"Nafumua."

"Jua limetoka. Nilisema utaje siku, wewe unafumua?"

"Jumamosi. Siku ni Jumamosi. Lakini nilikosea, shangazi. Mimi, siyo mama. Nikiendelea mbele sifiki. Nikirudi nyuma nafika."

Shangazi aliangalia ufumuaji unakoelekea, akaelewa, na sauti yake ikashuka.

"Hatua ya marehemu haifumuliwi."

"Sitaigusa. Nafumua mpaka mlangoni pake."

"Na ile nyeusi uliyoichelewesha?"

"Zamu yake ilikuwa pale pale penye weupe. Imekwenda na mama. Nahesabu kumi na moja kuanzia hapo."

Kuku walipita kati yao wakidonoa mbegu.

"Na fundo la kumi na moja likija tupu?"

"Utakata wewe. Na mimi mwenyewe nitawatangazia watu kwamba mama yangu alichanganyikiwa. Kwa mdomo wangu, mbele ya lori."

*

Jumanne ile shangazi alifungasha vyombo bila kusema naye. Jumatano alimletea ugali na mlenda, akauweka chini kwa kishindo, "Kula, usije ukaniangukia huko njiani," na akaenda zake. Alhamisi alikuja na karai la maji. Alikaa, akaanza kulowesha ukindu na kuuchana, jani baada ya jani, kwa upana uleule ambao mkono wa wifi yake ulikuwa ukiupenda.

Mwanasha alisuka akihesabu moyoni miendo mitatu kwa pamoja, na kichwa chake kilikuwa kama njia panda ya Dumila siku ya gulio. Kufikia adhuhuri alinyoosha mkono kutaka jani jeusi, akalikuta limeshawekwa kwenye kiganja chake. Baadaye ikawa hivyo tena. Mara ya tatu aligeuka. Shangazi alikuwa akitazama karai, na midomo yake ilikuwa ikitembea. Alikuwa ananong'ona.

"Unahesabu nyeusi," alisema Mwanasha.

"Wewe suka."

"Tangu asubuhi?"

"Suka, mtoto. Umeniharibia, sasa nianzie wapi?"

"Nane."

"Najua kama ni nane."

Ijumaa wanaume walifumua paa. Nyasi zilianguka pande zote, na nyumba iliyokuwa na giza la miaka ikajaa jua mpaka pembeni. Vitu vidogo vilionekana vilipo: kijiti cha kuning'inizia kibuyu, alama ya masizi, mahali ambapo mgongo wa mama ulikuwa umelainisha ukuta kwa kuuegemea. Mwanasha alihamia hapo. Alisuka chini ya anga tupu, mgongo wake katika bonde la mgongo mwingine, na jioni ile akafunga fundo la kumi. Nyeusi ilikuwa nyuma yake kwa hatua nane. Alihesabu mara mbili. Nane, kama inavyotakiwa. Hakulala; alisuka la mwisho kwa mwanga wa koroboi.

Lori lilikuja Jumamosi na mapema, jeupe kwa vumbi, likapakiwa vitanda, vinu, milango, mbuzi. Mzee Onesphory alikimbia huku na huku akigombeza watu kwa majina yao ya nyumbani. Wale waliokwisha kupakia walipanda, wakakaa juu ya mizigo, na kutoka kule juu waliweza kuona ndani ya nyumba ile isiyo na paa, ambako mwanamke mmoja alisuka na mwingine alimkabidhi majani. Wengi wao walikuwepo matangani.

Dereva akapiga honi.

"Binti," balozi aliinama mlangoni, "stesheni bado?"

"Bado kidogo, mzee."

"Dereva anasema ana safari mbili leo."

"Mwambie balozi," shangazi alimwambia Mwanasha bila kuinua uso, "amwambie dereva ashuke akojoe."

Juu ya lori watu walicheka. Dereva kweli alishuka, akaja kusimama nyuma ya balozi, mikono kiunoni. Akauliza kinachosubiriwa. Balozi alimwonyesha kwa kidevu.

Kijani iliingia. Hatua mbili baadaye, nyeusi. Kisha hatua nne zaidi, nyekundu. Baada ya hapo kulikuwa na weupe tu. Hatua moja nyeupe. Ya pili. Shangazi aliacha kuchana. Katika karai yalibaki majani matatu ya rangi, yamelala pamoja majini, na hakuyagusa. Ya tatu. Ya nne. Watu juu ya lori walikuwa wameacha kucheka, na mbuzi peke yake ndiye aliyekuwa na neno. Ya tano. Mwanasha hakuwa akihesabu tena. Vidole vilikuwa vinakwenda kwa uzito wao, kama miguu inayoijua njia ya nyumbani gizani.

Ya sita.

Alinyoosha mkono, na shangazi akampa. Hakumpa moja moja. Alimpa yote matatu kwa pamoja, yakichuruzika maji, na hakuna aliyekuwa ameomba.

Yakaingia katika hatua moja. Nyekundu, nyeusi, kijani, bega kwa bega, kama yalivyokuwa mwanzo.

Mwanasha akafunga uzi ukingoni, akaukaza kwa meno.

Mzee Onesphory alikuwa amevua kofia. "Stesheni," alisema, kwa sauti ndogo, na safari hii haikuwa mzaha.

Shangazi alikitoa kisu kwenye fundo la kanga, akakigeuza, akamwelekezea mpini.

"Kata wewe, shangazi. Mikono yangu imelowa."

"Na yangu je?"

Lakini alikata. Alikata polepole, jani baada ya jani, kisha akauviringa ukili wote na kuukumbatia kifuani, na hakumruhusu mtu yeyote amsaidie kuupandisha.

Walikaa nyuma kabisa, juu ya milango iliyolazwa. Lori lilivuka mto, likapanda, na lilipoishika barabara ya Mikumi vumbi likafunga kila kitu nyuma yao, minazi, kuta, ukuta ule wenye bonde. Mwanasha alikuwa ameshasinzia, kichwa kimeegemea kinu cha watu. Shangazi alikuwa na ukili mapajani. Alishika ncha mpya, akaanza kuurudia nyuma kwa kidole gumba, fundo la kumi, la tisa, la nane, la saba, midomo ikitembea, mpaka kidole kikafika kwenye ile hatua nyeupe ya marehemu, ambamo nyeusi haikuingia. Hapo kikasimama. Lori liliruka juu ya jiwe, vumbi likaja, na shangazi akaifunika hatua ile kwa kiganja.